Mwalimu mkuu akihamishwa, nani anabaki na shule?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya serikali katika wilaya ya Rungwe, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwezi uliopita mwalimu wetu mkuu alihamishwa katikati ya ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa, nasi kamati tulipata habari siku anapakia vyombo. Aliyekuja hajui mifuko mingapi ya saruji imebaki stoo wala fundi anadai kiasi gani, na wazazi wananiuliza mimi. Wapo wanaosema shule zirudishwe wizarani, wengine wanasema zikabidhiwe kijiji moja kwa moja. Kamati yetu ina mamlaka gani hasa? Na kama serikali ingetaka kurekebisha uendeshaji wa shule zake, ianzie wapi?

Jibu: Mama Mwenyekiti, nianze na lile linalouma. Aliyemhamisha mwalimu wenu mkuu, kama amepelekwa shule nyingine ndani ya halmashauri hiyo hiyo, ni Mkurugenzi Mtendaji, naye amefanya hivyo kwa mamlaka aliyo nayo kama mwajiri, baada ya kushauriwa na afisa elimu wake. Hakuvunja sheria kwa kutowauliza. Kamati ya shule inatambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ina wajumbe waliochaguliwa na wazazi, inajadili mpango na bajeti ya shule, inasimamia mali na ujenzi, na katibu wake ni mwalimu mkuu. Lakini haina neno katika kumteua, kumpima wala kumwondoa katibu huyo, ambaye kila uamuzi wa kamati hupitia mikononi mwake. Kwa maoni yangu ufa uko hapo, na mjadala wa shule kuwa za wizara au za kijiji kwa kawaida huupita ufa huo bila kuuona.

Mtazame mwalimu mmoja tu wa darasa la saba shuleni kwako. Kibali cha kumwajiri kilitoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Mwajiri wake ni Mkurugenzi. Kupandishwa daraja na mashauri yake mazito ya nidhamu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi mwaka uliofuata, huku makosa mepesi yakiachwa kwa mwalimu mkuu. Mtaala anaoufundisha umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mtihani wa kumaliza shule unatungwa na Baraza la Mitihani, na anayekuja kukagua andalio lake la somo ni mthibiti ubora wa shule, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi, ambaye yuko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, wakati shule yenyewe inaendeshwa chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kila ofisi kati ya hizi ina sababu nzuri ya kuwapo. Ugumu unaonekana pale mwalimu huyo anapokosa kuingia darasani wiki nzima. Mzazi humlalamikia mwenyekiti, mwenyekiti humwambia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu humwandikia afisa elimu kata, afisa elimu kata hupeleka wilayani, na wilayani faili huanza safari kati ya mwajiri na Tume. Shule zinafungwa, zinafunguliwa, barua bado iko njiani. Nimekaa ndani ya mnyororo huo kwa miaka mingi nikiwa afisa elimu taaluma katika halmashauri moja ya mkoa wa Iringa, na nakiri kwamba barua za namna hiyo nilizipokea, nikazigonga muhuri, nikazisukuma mbele, nikahesabu kuwa nimefanya kazi.

Hali hii imejengeka kwa vipande. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na watendaji wa serikali kuu wakashika kazi zake wilayani. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza tena mwaka 1984, na shule za msingi zikawa mzigo wake; sekondari zilibaki mikononi mwa wizara hadi mwaka 2009. Katikati ya hayo ndipo ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, na kwa kamati za shule huo ndio uliokuwa wakati wa neema. Ada ilikuwa imefutwa, watoto walifurika, na kila shule ilifungua akaunti benki ili ipokee ruzuku iliyopangwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi, ambazo wakati ule zilikuwa karibu sawa na Sh 10,000. Kamati zilijenga madarasa na kuchagua vitabu. Nakumbuka mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati, kuandika kwake kulikuwa kwa taabu, lakini bati likishushwa alilichora kwa msumari ukingoni, alama yake mwenyewe, na jioni alizihesabu alama zake. Hakuna bati lililopotea kwenye shule ile. Sisi maafisa tulimcheka kidogo, kisha tukaacha kucheka tulipoona hesabu za shule nyingine ambazo wenyeviti wake walikuwa wasomi.

Baada ya hapo baadhi ya madaraka yalirudi juu, moja baada ya jingine, na mara nyingi kwa sababu za kueleweka. Vitabu ni mfano. Ununuzi wake ulirudishwa katikati, na ndiyo maana leo, kati ya Sh 10,000 za ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi, Sh 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule na Sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, serikali ilianza kuzituma fedha hizo shuleni moja kwa moja bila kuzipitisha halmashauri, na hilo lilikuwa jambo jema sana, kwani kila meza ambayo fedha ya shule inapita huiacha nyepesi kuliko ilivyoikuta. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, akitaka anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Marufuku ile ilimwondolea mzazi maskini aibu ya mtoto wake kurudishwa nyumbani. Lakini pia iliziacha kamati nyingi na woga ambao haujaisha, hata wa kuitisha kikao cha kuzungumzia debe la mahindi na maharage ya uji na makande.

Sasa hebu tuitazame fedha hiyo kwa hesabu ya kwetu huku juu, maana hapa ndipo ninapoona dhuluma ambayo watu wa tambarare na mijini hawaioni. Shule ya wanafunzi 600 hupata Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi, na kwa uangalifu inaweza kununua chaki, kuchapa mitihani na kuziba dirisha. Shule ya wanafunzi 150 juu kwenye miinuko ya Makete au ng'ambo ya mabonde ya Kilolo hupata Sh 900,000, ambazo ni Sh 75,000 kwa mwezi. Paa lake halivuji robo ya lile la shule kubwa. Mwalimu mkuu wake akienda wilayani halipi robo ya nauli. Mara nyingi hulipa zaidi, na masika bodaboda hupanga bei inayoitaka. Fomula ya kugawa sawa kwa kila kichwa inaonekana ya haki ukiwa ofisini, lakini inaiadhibu shule kwa udogo wake, na udogo huo haukuchaguliwa na mtu, umeletwa na milima. Isitoshe kiwango chenyewe cha Sh 10,000 hakijapanda tangu kilipowekwa, na leo hakifiki dola 5.

Kuna jimbo moja la Marekani, Hawaii, ambalo linafaa kutazamwa katika hili, kwa sababu ndilo jimbo pekee nchini humo ambalo shule zake zote za umma ziko chini ya wilaya moja ya elimu inayoenea jimbo zima, pasipo bodi za wilaya kama kwingineko. Kwa namna hiyo linafanana na sisi kuliko majimbo mengine. Mwaka 2004 lilipitisha sheria ya kugawa fedha kwa uzito: mwanafunzi anayehitaji zaidi, kwa mfano aliye maskini au asiyejua vizuri lugha ya kufundishia, huhesabiwa kuwa na uzito mkubwa kuliko mwenzake, na mkuu wa shule akapewa nafasi pana ya kuamua matumizi akiwa na baraza la shule lenye wazazi, walimu na wanafunzi. Nasi tungeweza kuanza na uzito mmoja tu: kila shule, hata iwe na watoto 90, ipate kwanza kiasi cha msingi cha kuiendesha, kisha ndipo kichwa kihesabiwe. Mabadiliko hayo hayahitaji kuunda chombo kipya wala kuhamisha mtu kutoka jengo moja kwenda jingine, na labda ndiyo sababu hayazungumzwi sana.

Kuhusu kuzirudisha shule wizarani sitasema mengi. Walimu wa sekondari walioajiriwa kabla ya mwaka 2009 watakusimulia safari za Dar es Salaam kufuatilia malimbikizo, kwa basi la usiku, na kurudi na jibu la "njoo mwezi ujao". Zaidi ya hapo, wizara inayoandika sera na kuthibiti ubora haifai kuwa ndiyo inayoendesha shule, kwa kuwa haitajikagua vizuri. Mgawanyo wa sasa kati ya wizara na TAMISEMI una kasoro, lakini kwa hili uko sahihi.

Hoja ya kukikabidhi kijiji kila kitu inastahili heshima zaidi, kwa sababu watu wa Nyanda za Juu Kusini wameijenga kwa mikono yao. Shule za kata nyingi zilizoota kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilisimama kwa mawe, mchanga na matofali ya wananchi, na katika vijiji vingi vya Njombe, Mufindi na Rungwe mtu mzima anaweza kukuonyesha ukuta ambao tofali zake alizibeba. Aliyebeba tofali ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza na kuajiri ni mambo mawili. Mji wa Chicago ulilijaribu hili kwa upana kuliko wengi. Kwa sheria ya mwaka 1988, kila shule ilipewa baraza lenye wazazi 6, wakazi 2, walimu 2 na mwalimu mkuu, na baraza hilo likapewa mamlaka ya kumchagua mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka 4 na kutomwongezea mkataba akishindwa. Zipo shule zilizochangamka, zipo zilizobaki palepale, na mwaka 1995 sheria nyingine ikampa meya usimamizi wa mfumo mzima, ingawa mabaraza yenyewe hayakufutwa. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, iliwapa wazazi wingi wa viti katika mabaraza ya shule pamoja na sauti juu ya udahili na lugha ya kufundishia. Baadhi ya shule za vitongoji vya wenye nacho zikatuhumiwa kuyatumia madaraka hayo kuwafungia nje watoto wa wengine, na mwaka 2024 sheria ikarekebishwa ili maamuzi hayo yasiishie kwenye baraza peke yake.

Ninachojifunza hapo ni kwamba swali la maana ni uamuzi upi uwe wapi. Kuajiri walimu kukiwa kijijini, kijiji chenye barabara ya lami kitawapata wote na kile cha mwisho wa njia hakitapata hata mmoja. Tayari hali iko karibu na hivyo, na kuwapanga walimu kwa haki ndiyo kazi ambayo serikali kuu pekee inaweza kuifanya, ikitaka. Zaidi ya hayo, kijijini tunajuana mno. Mwalimu aliyemchapa mtoto wa mjumbe, au aliyekataa kumpa mpwa wa mtendaji zabuni ya kuni, hatakiwi kuogopa kwamba kesho atakosa kazi.

Ningepewa nafasi ya kushauri jambo moja tu, basi ningeanza na mwalimu mkuu. Abaki mtumishi wa halmashauri, ateuliwe na Mkurugenzi, lakini ateuliwe kwa kipindi kinachojulikana, tuseme miaka mitatu au minne, na asihamishwe kabla ya hapo ila kwa sababu iliyoandikwa ambayo kamati imesomewa. Tathmini yake ya mwaka iwe na sehemu inayojazwa na kamati, juu ya mambo ambayo kamati inayaona kwa macho: fedha ilisomwa hadharani au la, walimu walikuwapo au la, ujenzi ulikwenda kwa kibali cha nani. Akihama, asipewe barua ya kuripoti kituo kipya mpaka hati ya makabidhiano isainiwe mbele ya mwenyekiti. Huu si mzigo mkubwa kwa halmashauri. Tangu Julai 2016 walimu wakuu wanalipwa posho ya madaraka ya Sh 200,000 kwa mwezi, na mtu anayelipwa kwa madaraka anaweza kuulizwa juu ya madaraka hayo na wale anaowatumikia.

Kwa nini nasisitiza uwajibikaji na fedha viende pamoja? Kwa sababu hapa nchini jambo hili limepimwa. Katika jaribio la KiuFunza, lililofanywa na shirika lisilo la kiserikali la Twaweza pamoja na watafiti wa vyuo vikuu katika shule za msingi 350 mwaka 2013 na 2014, shule zilizopewa ruzuku kamili peke yake hazikuonyesha wanafunzi kujua kusoma na kuhesabu kuliko wenzao. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu ndizo zilizopanda kwa kiasi cha kuonekana wazi. Simaanishi kwamba kila shule ilipe bonasi, na binafsi nina mashaka nayo ikiwa ya kudumu. Ninachosema ni kwamba fedha isiyo na mtu wa kuulizwa juu ya matokeo yake hununua vitu vizuri tu: madawati, rangi, kabati la vitabu lenye kufuli.

Na katika kuuliza huko kuna mlango mmoja ambao umefungwa bila sababu. Mthibiti ubora akija shuleni, huandika taarifa nzuri, yenye udhaifu na mapendekezo, kisha taarifa hiyo huishia kwenye faili la mwalimu mkuu na ofisi za juu, na mzazi wa kawaida haioni. Isomwe kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili kifupi, ukurasa mmoja. Nimeshuhudia mkutano mmoja ambao mwalimu mkuu, kwa ushujaa wake mwenyewe, aliisoma yote hadi mahali palipoandikwa kwamba nusu ya darasa la tatu hawasomi kwa ufasaha. Wazazi hawakumzomea. Walikaa hadi jua linazama wakipanga nani atawasimamia watoto jioni, na sijaona mkutano kama ule kabla wala baada.

Hayo ni ya serikali. Yako wewe, kwa mamlaka uliyo nayo leo, ni machache lakini yana nguvu, nayo yasisubiri. Itisha kikao cha dharura cha kamati, umwalike mwalimu mkuu mpya, afisa elimu kata na mtendaji wa kijiji, na ajenda iwe moja: makabidhiano ya mradi. Dai leja ya stoo, hati za mapokezi, mkataba wa fundi, muhtasari wa kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi, na taarifa ya benki ya akaunti ya shule hadi siku mwalimu wa zamani alipoondoka. Mnajenga kwa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, utaratibu ambao wengi wanauita fosi akaunti, kwa hiyo karatasi hizo lazima ziwepo. Kama hazipo, kutokuwepo kwake kuandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yasiyo na lawama kwa mtu. Usisaini kitu chochote cha tarehe ya nyuma, hata ukiletewa kwa unyenyekevu na hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Muhtasari huo uende kwa Mkurugenzi kupitia afisa elimu kata, na nakala apewe diwani wenu, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na ana nafasi ya kuuliza katika baraza la madiwani. Katika barua hiyo ombeni mwalimu wa zamani aitwe kwa siku moja aje akabidhi. Kama bado ni mtumishi wa halmashauri hiyo hiyo, hakuna kikwazo.

Ila kabla ya barua, kesho asubuhi, nenda stoo na wajumbe wawili mkaihesabu saruji. Andikeni idadi na tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye mifuko, mbandike karatasi hiyo kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kwa unyevu wa Rungwe, saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza nguvu na kushikana mabonge, na ikigeuka jiwe ndani ya mfuko hakuna makabidhiano yatakayoirudisha. Mwambieni fundi aanze na ile ya zamani.